Uliza Ujibiwe: Mtaalamu wa nyota anaponukuliwa na waandishi wa habari

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, barua nyingi zinazotufikia kuhusu habari za anga hazihusu tena nyota na sayari zenyewe, bali watu wanaozisemea. Wasomaji wanataka kujua wataalamu hao ni akina nani, nani huwatafuta, na kwa nini kauli ya leo hutofautiana na ya wiki ijayo. Katika toleo hili tumejibu sita kati ya barua hizo. Zote tumezifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Aprili 2025 nilisikia redioni kwamba wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge wamepata dalili za uhai katika sayari ya mbali. Katika taarifa hiyohiyo walinukuliwa wanasayansi wa vyuo vingine wakieleza mashaka yao. Hao wengine waliisoma lini kazi ya wenzao, hata wakawa tayari kuitilia shaka siku ileile ilipotangazwa? Na je, hulipwa kwa maoni hayo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Waliisoma mapema, tena kwa ruhusa. Majarida makubwa ya kisayansi na ofisi za habari za vyuo vikuu huwapelekea waandishi waliojiandikisha makala ya utafiti siku kadhaa kabla ya kutangazwa, kwa sharti kwamba hakuna atakayechapisha wala kutangaza chochote kabla ya siku na saa iliyotajwa. Sharti hilo waandishi huliita embago. Kwa jarida la Nature, kwa mfano, saa hiyo kwa kawaida ni saa 10 jioni ya London, ambayo kwetu Afrika Mashariki huwa saa 12 jioni au saa 1 usiku kutegemea majira ya kule. Ndiyo maana habari kubwa za sayansi hutoka duniani kote kwa dakika moja, kana kwamba wahariri wote wameamshwa na kengele moja. Katika siku hizo za kusubiri, mwandishi makini humpelekea makala hiyo mtaalamu asiyehusika nayo na kumwomba aisome, kisha aseme anaionaje.

Zipo pia taasisi zinazofanya kazi hiyo ya kutafuta maoni kwa niaba ya waandishi wote. Inayojulikana zaidi ni Science Media Centre ya London, iliyoanzishwa mwaka 2002 baada ya Uingereza kupitia miaka migumu ya mabishano ya umma kuhusu vyakula vilivyobadilishwa vinasaba na chanjo ya surua. Watumishi wake huwaandikia wanasayansi wanaoifahamu mada husika, hukusanya maoni yao yakiwa na majina na vyeo vyao, na kuyasambaza kwa vyumba vya habari. Kila mtoa maoni hutakiwa kueleza kama ana maslahi yoyote katika jambo analolisemea, kwa mfano kama aliwahi kufanya kazi na watafiti hao au kupata fedha kutoka chanzo kilekile. Kwa kawaida wanasayansi hao hawalipwi kwa maoni yao. Huhesabu jambo hilo kuwa sehemu ya wajibu wa kazi yao. Wapo waandishi wanaoulaumu utaratibu huu kwamba unazaa uvivu, kwa sababu nukuu moja huonekana neno kwa neno katika magazeti kumi, na lawama hiyo naiona ina haki. Hata hivyo, nukuu moja iliyopimwa na kurudiwa mara kumi ina madhara madogo kuliko habari isiyo na sauti ya mtu wa nje hata mmoja.

Habari uliyoisikia inaonyesha vizuri kwa nini sauti hiyo inahitajika. Sayari yenyewe inaitwa K2-18b. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru 124, na uzito wake ni mara 8.6 ya Dunia. Kundi lililoongozwa na Profesa Nikku Madhusudhan lilitumia darubini ya anga za juu ya James Webb kuchunguza mwanga wa nyota unaopenya katika angahewa ya sayari hiyo, likaona alama lililoitafsiri kuwa ya gesi ya daimethili sulfidi au ndugu yake daimethili disulfidi. Hapa duniani gesi hizo hutolewa zaidi na viumbe hai, hasa viumbe vidogo vya baharini. Watafiti wenyewe walieleza kwamba uwezekano wa alama hiyo kutokea kwa bahati tu ya takwimu ulikuwa asilimia 0.3, kwamba kiwango hicho hakijafikia kile ambacho sayansi hukiita ugunduzi, na kwamba walihitaji saa kati ya 16 na 24 zaidi za kutazama kwa darubini.

Sasa tazama alichoongeza mtaalamu wa nje. Asilimia 0.3 inahusu bahati ya takwimu peke yake. Haijibu swali kama hesabu iliyotumika kuusoma mwanga ule ndiyo inayofaa, wala kama gesi hiyo haiwezi kutokea bila uhai. Wanasayansi wengine walieleza kwamba gesi hiyohiyo ilikwisha kuonekana katika kometi (nyota yenye mkia) iitwayo 67P, mahali ambapo hakuna anayedai kuna kiumbe hai, na kwamba imewahi kutengenezwa maabara bila kiumbe chochote kuhusika. Wiki chache baadaye, wengine waliozichambua upya takwimu zilezile kwa njia tofauti walisema hawaoni alama yenye nguvu. Maelezo hayo yote yana uzito kuliko kichwa cha habari, lakini kwa desturi ya uandishi huwekwa katika aya ya 8 au ya 9. Habari ya shirika la kimataifa inapofika katika chumba cha habari cha Nairobi au Dar es Salaam na nafasi ikawa finyu, mkasi huanzia mkiani. Msikilizaji wa Kiswahili hubaki na uhai wa K2-18b bila mashaka yake. Wewe ulibahatika kuyasikia yote mawili.

SWALI: Mhariri, salaam. Mwanzoni mwa mwaka 2025 tuliambiwa kuna asteroidi, yaani jiwe la angani, inayoweza kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032, na kwamba njia ya hatari inapita hata juu ya bara letu. Asilimia ikapanda kutoka 1 hadi 3, watu wakaanza kutumiana ujumbe wa kuhimizana toba, kisha ghafla tukaambiwa hakuna hatari. Kwa nini wataalamu walitangaza jambo ambalo hawakuwa na uhakika nalo? Si wangenyamaza hadi wajue? (Mwalimu mstaafu, Mwanza)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Swali lako lina sehemu mbili, nami nitaanza na ya kupanda na kushuka kwa asilimia, kwa sababu hapo ndipo wataalamu waliposema kweli tupu na bado wakaonekana wanayumba.

Asteroidi hiyo, 2024 YR4, ilionwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile. Ilipoonekana ilikuwa tayari inatoka karibu na Dunia kwenda mbali, kwa hiyo kila usiku ilizidi kufifia. Mwangaza wake ulionyesha kwamba upana wake ulikuwa kati ya meta 40 na 90. Kwa siku chache za kuitazama, wataalamu wa mahesabu hawakuweza kusema itakuwa wapi hasa tarehe 22 Desemba 2032. Waliweza tu kuchora ukanda mrefu angani na kusema itakuwa mahali fulani ndani yake. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi ya kwangu mwenyewe. Ikiwa ukanda una urefu wa kilometa 1,000,000, na Dunia yenye kipenyo cha kilometa 12,742 imo ndani yake, Dunia inachukua kama asilimia 1.3 ya ukanda. Vipimo vipya vikiufupisha ukanda hadi kilometa 400,000 na Dunia ikawa bado imo, sehemu yake inakuwa zaidi ya asilimia 3, ingawa asteroidi haijabadili njia hata kidogo. Vipimo vingine vikiufupisha zaidi na Dunia ikabaki nje, asilimia inaporomoka karibu na sifuri kwa siku moja au mbili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa Januari uwezekano ulivuka asilimia 1. Tarehe 18 Februari NASA walikadiria asilimia 3.1, ambacho kilikuwa kiwango cha juu kabisa kuwahi kukadiriwa kwa asteroidi ya ukubwa huo au zaidi. Na kufikia tarehe 24 Februari kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 0.004. Wataalamu kadhaa waliohojiwa katika wiki ile ya kupanda walitabiri waziwazi kwamba namba ingeweza kuendelea kukua kwa muda na kisha kuanguka ghafla. Maneno hayo yalichapishwa. Tatizo ni kwamba namba husafiri haraka kuliko maelezo yake, na katika ujumbe wa simu namba ndiyo hubaki peke yake.

Kuhusu kunyamaza, kwanza hawakuwa na hiari. Mtandao wa kimataifa wa kutoa tahadhari za asteroidi, unaofanya kazi chini ya pendekezo la Umoja wa Mataifa, una kanuni kwamba jiwe lenye upana unaozidi meta 10 likifikia uwezekano wa asilimia 1, taarifa rasmi lazima itolewe. Pili, hata bila kanuni hiyo, orodha za hatari za NASA na za Shirika la Anga za Juu la Ulaya ziko wazi kwenye intaneti, na yeyote anayejua kuzisoma angeziona. Mtaalamu akinyamaza, msemaji anakuwa mtu asiyejua.

Kanuni hizo zina historia. Tarehe 11 Machi 1998 mwanaastronomia Brian Marsden, aliyekuwa akisimamia ofisi ya matangazo ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia huko Massachusetts, alitangaza kwamba asteroidi 1997 XF11 ingepita karibu mno na Dunia mwezi Oktoba 2028, na kwamba kugongana kulikuwa hakujafutika kabisa. Vichwa vya habari vikawaka dunia nzima. Siku iliyofuata zilipatikana picha za mwaka 1990 ambazo asteroidi hiyo ilikuwa imenaswa bila mtu kujua, na mahesabu mapya yakaonyesha kwamba itapita umbali wa karibu kilometa 960,000, zaidi ya mara mbili ya umbali wa Mwezi. Wenzake katika maabara ya NASA huko California walisema kwamba hata bila picha zile hatari haikuwapo, laiti hesabu ingekaguliwa na mtu wa pili kabla ya kutangazwa. Mabishano hayo yalikuwa makali na ya hadharani, na matunda yake ni mengi: kukaguliana kabla ya kutangaza, na mwaka 1999 kipimo cha Torino, kilichobuniwa na Richard Binzel, ambacho humwezesha mwandishi kueleza hatari kwa namba kutoka 0 hadi 10. 2024 YR4 ilifika 3, kisha ikarudi 0.

SWALI: Pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, hapa kaunti yetu, tarehe 30 Desemba 2024. Wakala wa Anga za Juu wa Kenya ulisema ni pete ya roketi. Baadaye nikasoma wataalamu wa Ulaya na Marekani wakitoa maoni yao kutoka huko waliko, na hawakukubaliana. Mtu ambaye hajakigusa kitu anawezaje kukisemea kuliko aliyekishika? (Msomaji, Wote, Makueni)

JIBU: Anaweza kwa jambo moja, na hawezi kwa jingine, na habari nyingi za siku zile zilichanganya mambo hayo mawili.

Aliyekishika anaweza kukipima, na ndivyo Wakala ulivyofanya. Ulitaja kipenyo cha takriban meta 2.5 na uzito wa takriban kilo 500, ukaeleza kwamba tathmini ya awali inaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, aina ya kifaa ambacho kwa kawaida hutarajiwa kuungua angani au kuanguka baharini. Zingatia maneno “tathmini ya awali”; wakala wa serikali ulioyatumia siku 2 tu baada ya tukio ulikuwa ukifanya kazi yake kwa uangalifu, ingawa wengi wetu tuliyaruka.

Aliye mbali, kwa upande wake, ana daftari. Maelfu ya vipande vya roketi vinavyoizunguka Dunia hufuatiliwa kwa rada na darubini, na njia zake huandikwa katika orodha ambazo watu wa nje wanaweza kuzipitia. Marco Langbroek, mtaalamu wa Uholanzi anayejulikana kwa kufuatilia setilaiti, alitumia orodha hizo na kueleza kwamba kitu kilichofanana zaidi na tukio la Mukuku ni kipande cha roketi ya Ariane 5 iliyorushwa mwaka 2008, kilichotarajiwa kuanguka siku hiyohiyo. Wengine walisita, wakisema kwamba picha za pete hiyo hazikuonyesha wazi alama za joto kali ambazo mtu angetarajia kuziona. Mmoja alikuwa akisoma kalenda ya obiti, mwingine akisoma picha za gazetini. Walijibu maswali mawili tofauti, na mwandishi akaandika kwamba wanapingana.

Nisingependa uone kwamba ni mabishano ya wasomi tu. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu uharibifu unaosababishwa na vyombo vya anga, nchi iliyorusha chombo hubeba dhima ya hasara inayotokea ardhini hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa. Mtaalamu anapotaja roketi, anataja nchi. Kwa hiyo yule anayesema “inafanana zaidi” badala ya “ndiyo” hapaswi kulaumiwa kwa woga.

SWALI: Kwa nini kila jiwe geni linapoingia katika mfumo wa Jua hunukuliwa profesa yuleyule wa Marekani anayesema huenda ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine? Je, wenzake hawapo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wenzake wapo kwa mamia, na karibu wote husema jambo lisilouza gazeti: kwamba ni kometi.

Nadhani unamaanisha Profesa Avi Loeb wa Chuo Kikuu cha Harvard, na jiwe ni 3I/ATLAS, lililoonwa tarehe 1 Julai 2025. Hilo ni la tatu kutambuliwa likija kutoka nje ya mfumo wa Jua, baada ya ʻOumuamua mwaka 2017 na Borisov mwaka 2019. Lazima tumtendee haki. Profesa Loeb si mtu wa mitaani. Aliongoza idara ya astronomia ya Harvard kwa miaka mingi. Pia katika maandiko yake ya Julai 2025 kuhusu 3I/ATLAS aliandika kwamba uwezekano mkubwa zaidi ni kuwa kitu hicho ni cha asili, pengine kometi. Sentensi hiyo ndiyo inayopotea njiani. Kinachobaki ni nadharia ya chombo, na mwandishi huitafutia mtu mmoja wa kuipinga ili habari iwe na pande mbili. Msomaji huondoka akidhani wanasayansi wamegawanyika nusu kwa nusu. Katika siasa ni haki kumpa kila mgombea dakika zake, lakini katika astronomia usawa wa aina hiyo hupotosha ukubwa wa kila upande. Ningependa mwandishi aongeze sentensi moja tu: wengi wanasema nini, na kwa ushahidi gani. Kwa 3I/ATLAS ushahidi ulikuwapo tangu wiki za kwanza, kwani lilikuwa na wingu la gesi na vumbi linaloizunguka kometi inapopashwa joto na Jua.

Kuna jambo la pili ambalo halikuzungumzwa sana. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 chombo cha NASA kinachoizunguka Mirihi kililipiga picha jiwe hilo, lakini shughuli za serikali ya Marekani zilikuwa zimesimama kwa sababu ya mvutano wa bajeti, na picha hazikutolewa hadi tarehe 19 Novemba. Kwa wiki zote hizo wataalamu wa NASA hawakuwa na ruhusa ya kuzungumza kama kawaida. Uvumi ulijaza nafasi hiyo, na ulipokuja mkutano wa waandishi ambapo NASA walisema waziwazi kwamba ni kometi, baadhi ya watu walikuwa wamekwisha kuamini kwamba kuna siri inayofichwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani au Sikukuu, wataalamu wa nyota hutangaza kwamba hilali haitaonekana siku fulani, na wakati mwingine tunasikia imeonekana. Nani amekosea? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Wa alaykum salaam. Mtaalamu wa nyota anaweza kutaja kwa uhakika wa sekunde wakati ambapo Mwezi unapita upande wa Jua na mwezi mpya wa hesabu unaanza. Anaweza pia kutaja hilali itakuwa nyuzi ngapi kutoka kwenye Jua wakati wa magharibi. Mfaransa André Danjon alionyesha katika karne iliyopita kwamba Mwezi ukiwa chini ya takriban nyuzi 7 kutoka kwenye Jua, hilali haionekani kwa macho. Lakini kati ya “haiwezekani kabisa” na “itaonekana na kila mtu” kuna eneo pana linalotegemea ukungu, vumbi, urefu wa mahali na macho ya mtazamaji, na huko mtaalamu mwaminifu hutoa uwezekano, si hukumu. Kuukubali au kutoukubali ushahidi wa mtu aliyeona ni kazi ya Mufti au Kadhi, na safu hii haiiingilii.

SWALI: Mimi ni mwandishi chipukizi wa redio ya jamii. Nikipata habari ya anga, nimtafute nani hapa kwetu, na nimuulize nini? Naogopa kuonekana sijui kitu. (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Watu wapo, wachache lakini wenye moyo. Nchini Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amekuwa akiwaeleza wananchi mambo ya anga kwa miaka mingi. Wakati wa kupatwa kwa Jua kipete tarehe 1 Septemba 2016, kulikoonekana vizuri Rujewa mkoani Mbeya, sauti yake ilisikika katika vyombo vingi. Nchini Kenya, Susan Murabana wa mradi wa Travelling Telescope amezipeleka darubini hadi shule za vijijini, na amezoea kuongea na watu wasio wanasayansi, jambo ambalo kwa redio lina thamani kuliko shahada. Chama cha waandishi wa sayansi cha Kenya, MESHA, huandaa vikao ambapo waandishi hukaa na watafiti. Kwa mambo mapana ya bara letu, Jumuiya ya Astronomia ya Afrika yenye makao yake Afrika Kusini inaweza kukuelekeza kwa mtaalamu wa mada yako.

Ujue pia kwamba mwanasayansi wa hapa mara nyingi ataogopa kuliko wewe. Wengi wamewahi kunukuliwa vibaya na kuitwa na wakubwa wao kujieleza. Mwambie mapema habari itakuwa ya urefu gani, itarushwa lini, na kwamba akikutana na swali lililo nje ya fani yake anaweza kulikataa bila wewe kukasirika. Mtu aliyebobea katika Jua si lazima ajue asteroidi, na akikwambia hivyo, umempata mtu wa kumpigia tena.

Kuhusu la kuuliza, nitakupa mfano mmoja. Tarehe 14 Septemba 2020 kundi lililoongozwa na Profesa Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff lilitangaza kwamba katika mawingu ya Zuhura imeonekana gesi ya fosfini, kwa kiasi cha takriban sehemu 20 katika kila sehemu bilioni, na kwamba hakuna njia inayojulikana ya kemia au jiolojia inayoeleza wingi huo. Waandishi wengi waliuliza: je, kuna uhai Zuhura? Mtaalamu wa nje hana jibu la swali hilo, kwa hiyo alilazimika kusema “labda”. Waandishi wachache waliuliza swali la chini zaidi: umewezaje kuitenganisha alama hiyo na makelele ya darubini yenyewe? Hilo ndilo lililofungua mlango. Baadaye waendeshaji wa darubini ya ALMA ya Chile waligundua kasoro katika urekebishaji wa takwimu zilizotumika. Zilipochakatwa upya, watafiti walewale walishusha makadirio yao kwa kiasi kikubwa, na makundi mengine yakasema hayaioni alama yoyote. Mjadala haujaisha hadi leo.

Kwa hiyo anza na chombo: kilipimwa kwa nini, mara ngapi, na je, darubini nyingine imeona kitu kilekile? Kisha uliza ni kitu gani kikipatikana kitamfanya yeye abadili maoni yake. Mtu anayejibu swali hilo kwa ufasaha amefikiri. Asiyelijibu huenda anatoa hisia. Muulize pia kama anawafahamu watafiti hao au aliwahi kushindana nao kuomba fedha au muda wa darubini, na umuulize kwa adabu, maana ulimwengu wa wanaastronomia ni mdogo na karibu kila mmoja ana jibu fulani hapo.

Hakuna haja ya kujificha kwamba hujui. Akitumia neno usilolielewa, mwambie alirudie kwa namna ambayo angemweleza jirani yake, na urekodi jibu la pili, kwani mara nyingi ndilo utakalorusha. Kabla ya kurusha, msomee kwa simu nukuu zake mwenyewe ulizozitafsiri kutoka Kiingereza, hasa zile zenye namba na zile zenye maneno kama “huenda”, “yawezekana” na “inaelekea”. Usimpelekee habari nzima, kwa sababu atataka kuihariri kama makala ya jarida na hutaifikisha hewani kwa wakati.